Jason alivyouawa kikamilifu mwaka 1984, na kwa nini haikutosha

Kisa na namna kilivyoandikwa

Kisa hiki kinahusu filamu moja ya Marekani, Friday the 13th: The Final Chapter, iliyotoka Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 1984. Ni sehemu ya nne ya mfululizo wa sinema za mapanga, zile ambazo vijana huenda mapumzikoni msituni, wakanywa, wakapendana, kisha mmoja baada ya mwingine akakutana na mtu aliyesimama nyuma ya mlango. Jina la filamu lilikuwa ahadi tosha: hii ndiyo sura ya mwisho, muuaji, Jason, anakufa, tunafunga duka. Siku 343 baadaye sehemu ya tano ilikuwa kwenye majumba ya sinema.

Nakiandika kwa ajili ya waandishi wa tamthilia na watayarishaji wanaohangaika na swali la namna ya kufunga mfululizo. Jina la filamu siwezi kulificha, maana bila jina hakuna kisa. Walioitengeneza nimewataja kwa kazi zao tu: mtayarishaji, mwongozaji, fundi wa majeraha ya bandia, aliyevaa kinyago. Wengi walikuwa wakitafuta riziki, nami sikuja kumsuta mtu. Majina niliyoyabakiza ni ya wahusika wa hadithi na ya kampuni moja au mbili. Asiyetaka kuharibiwa utamu aishie hapa, kwa sababu nitasema nani anakufa na anakufaje.

Usuli

Filamu ya kwanza ilitoka Mei 1980. Iligharimu zaidi kidogo ya nusu milioni ya dola, na Marekani peke yake ikaingiza karibu milioni 40. Fedha za kuitengeneza zilitoka kwa wafanyabiashara wa Boston waliokuwa na majumba ya sinema. Studio ya Paramount iliingia baadaye, ikainunua ili kuisambaza. Kumbuka mpangilio huo wa wenye mali, tutaurudia.

Muuaji wa filamu ile ya kwanza hakuwa Jason. Alikuwa mama yake, mpishi wa zamani wa kambi ya watoto, akilipiza kisasi cha mwanawe aliyezama ziwani huku waliopaswa kumwangalia wakiwa kwenye mapenzi yao. Jason mwenyewe tulimwona mwishoni kwa sekunde chache tu, akichomoka majini katika tukio linaloweza kuwa ndoto. Fundi wa majeraha alipoambiwa kwamba sehemu ya pili itamfanya Jason kuwa muuaji, alikataa kazi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtoto huyu si alizama? Alikulia wapi, nani alimlisha?

Swali halikujibiwa, na watazamaji hawakulidai jibu. Sehemu ya pili (1981) ilimleta Jason mtu mzima, kichwani kavaa gunia, ikaingiza karibu milioni 22. Sehemu ya tatu (1982) ilikuwa ya kuvalia miwani ya kuonyesha vitu vikikurukia, ikaingiza zaidi ya milioni 34. Humo ndimo Jason alimopata kinyago cha golikipa wa hoki, kile ambacho leo hata asiyewahi kuona filamu hizi anakijua.

Jambo moja la kushika kabla hatujaendelea: katika filamu hizi Jason alikuwa bado binadamu. Mkubwa, mkaidi, hasikii maumivu kama wewe na mimi, lakini binadamu. Sehemu ya tatu iliisha kwa shoka la kichwa. Hakuna mzimu hapo, hakuna uchawi.

Kwa nini walitaka kumaliza

Sababu zilikuwa mbili na hazikutoka kwa mtu mmoja.

Ya kwanza ni ya mtayarishaji. Alikuwa kijana, mtoto wa kigogo wa Paramount, na alikuwa amechoka. Filamu zake zilileta fedha lakini hazikumletea heshima. Mjini Hollywood alikuwa “yule wa mapanga”. Alitaka kumzika Jason aende kutengeneza kitu kingine.

Ya pili ni ya biashara. Mafanikio ya mwaka 1980 yalizaa waigaji wengi kupita kiasi, na kufikia 1983 soko lilikuwa limeshiba vijana wanaokimbizwa msituni. Katika soko la namna hiyo neno “mwisho” lina thamani. Mtu aliyeacha kufuatilia baada ya sehemu ya pili anasema, basi ngoja nikamwone anavyokufa. Unauza tiketi ya mazishi.

Sababu hizi mbili zilionekana kama kitu kimoja kwa sababu zote zilitaka filamu ileile. Ila mtayarishaji alitaka mwisho uwe kweli, na duka lilitaka mwisho uuzike. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyehitaji kuuliza tofauti.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Mwongozaji aliyeajiriwa alikuwa tayari ametengeneza sinema ya aina hii mwaka 1981, na majeraha ya filamu ile yalikuwa kazi ya fundi yuleyule aliyeikataa sehemu ya pili. Mkataba ulimtaka aongoze na aandike pia. Yeye hakujihesabu kuwa mwandishi, basi akatafuta mwandishi na kumlipa kutoka fungu lake la uandishi. Kila jioni mwongozaji aliongea kwa simu na mmoja wa wale wenye fedha wa Boston, wakijadili hadithi kwa muda mrefu. Kisha mwongozaji alikutana na mwandishi, kurasa zikaandikwa, na jioni iliyofuata simu ikarudi kwenye kurasa hizo.

Nimelitaja hili kwa makusudi. Mtu aliyeshiriki kila jioni kuandika kifo cha Jason ndiye huyohuyo ambaye kipato chake kilimtegemea Jason.

Fundi wa majeraha alirudi. Sababu aliyoitoa inapendeza: alisaidia kumtengeneza Jason, basi anataka yeye ndiye amuue. Kwa waliofuatilia mfululizo tangu mwanzo, jina lake kurudi lilikuwa kama kumwona fundi aliyejenga nyumba akija na nyundo ya kuibomoa. Ilionyesha kuwa jambo hili si la mchezo.

Picha zilipigwa California, kuanzia mwishoni mwa 1983 hadi baridi ya Januari. Kuna tukio la msichana anayeogelea usiku na kulala ndani ya boti ya mpira katikati ya ziwa. Maji yalikuwa ya baridi kali, na mwigizaji yule aliachwa humo hadi akaanza kuteseka. Aliyemtetea ni mtu aliyevaa kinyago, mzee wa kazi za hatari aliyekaribia miaka 60, ambaye ujanani aliwahi kuwa mbadala wa nyota wakubwa wa sinema za makauboi. Alimwambia mwongozaji kwamba msichana asipotolewa majini, yeye anaacha kazi. Mzee huyo pia aliomba jina lake lisiandikwe kwenye filamu, na halikuandikwa.

Katikati ya yote, tarehe ikabadilika. Filamu ilipangiwa Oktoba 1984. Studio ikaivuta hadi Aprili, kwenye Ijumaa ya tarehe 13. Mwongozaji na wahariri walifungiwa katika nyumba ya kupanga huko Malibu, wakakata picha usiku na mchana. Ukiitazama leo unaona haraka hiyo: nusu ya pili inakwenda mbio, watu wanakufa wakifuatana bila sisi kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Sijui kama kwa utulivu zaidi ingekuwa bora. Kuna filamu zinazosaidiwa na kukimbizwa.

Jinsi walivyomuua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kazi ilifanywa vizuri na walimu wengi wa uandishi hupita haraka.

Filamu inaanza kwa kumbukumbu. Tunarudishwa kwenye moto wa kambini wa sehemu ya pili, mtu anasimulia habari za Jason, na juu ya sauti yake zinapita picha za filamu zote tatu. Kinyago kinakuja mbele ya kioo na kulipuka, jina linatokea. Yaani kabla ya hadithi kuanza umeshasomewa wasifu wa marehemu, kama inavyofanyika msibani.

Kisha polisi wanaubeba mwili wa Jason hadi mochwari. Anaamka, anawaua mhudumu na muuguzi, anarudi porini. Tukio hili linatimiza kazi moja ambayo watu hawaioni: linakuonya kwamba kulala chini si kufa. Kuanzia hapo mtazamaji anajua kuwa ili Jason afe kweli, itabidi aone zaidi ya mwili uliotulia.

Halafu analetwa mtu wa kumuua, na chaguo lenyewe ni la ajabu. Si polisi, wala si yule kijana mwenye bunduki aliyekuja msituni kulipiza kisasi cha dada yake aliyeuawa katika sehemu ya pili. Huyo, ambaye katika filamu yoyote ya kawaida angekuwa stelingi, anakufa gizani, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, akipiga kelele. Anayebaki ni Tommy, mvulana wa miaka 12 anayeishi na mama na dada yake kwenye nyumba ya jirani, na ambaye chumba chake kimejaa vinyago vya mazimwi alivyovitengeneza mwenyewe. Mtoto ni fundi wa kutisha. Kila aliyejua kazi ya fundi wa majeraha alielewa utani huo: muumbaji amejiweka ndani ya hadithi, katika umbo la mtoto.

Basi mwishoni Jason yumo ndani ya nyumba na dada wa Tommy, Trish, amebanwa. Tommy anajifungia, anachukua mkasi na wembe, anazinyoa nywele zake vipandevipande hadi anafanana na yule mtoto aliyezama. Anateremka ngazi, anamwita Jason kwa jina, anamwambia amkumbuke. Jason anasimama. Kama alivyofanya katika sehemu ya pili, msichana alipojifanya mama yake, yule mtu asiyesita kirahisi anasita. Trish anampiga kwa panga, kinyago kinang'oka, kisha mvulana analiokota panga na kumpiga nalo upande wa uso. Jason anaanguka kwa magoti, halafu kifudifudi, na kichwa chake kinateleza polepole kwenye bapa la panga. Kichwa kile kilikuwa cha mitambo, na hadi leo wapenzi wa sinema hizi hukizungumzia kwa heshima.

Walikuwa na sababu ya kuishia hapo. Hawakuishia. Tommy anaona vidole vya Jason vikicheza. Analichukua panga tena na kumkata, na kumkata, akipiga kelele amwambie afe, huku dada yake akimtazama kwa hofu ambayo sasa si ya Jason.

Uamuzi wa picha ya mwisho

Kulikuwa na miisho miwili mezani.

Wa kwanza ulipigwa picha. Asubuhi imefika, Trish anaona maji yakivuja kutoka ghorofani, anapanda, anamkuta mama yake amekufa ndani ya bafu. Jason anatokea nyuma ya mlango. Trish anashtuka kitandani hospitalini: ilikuwa ndoto. Ni mchezo uleule wa filamu ya mwaka 1980. Waliutupa, na walifanya vyema, kwa kuwa ungemwacha mtazamaji akitoka ukumbini na sura ya Jason akiwa hai. Huwezi kumwonyesha marehemu akitembea dakika tano baada ya kumzika, hata kama ni katika ndoto.

Wa pili ndio uliotumika. Trish amelazwa, Tommy anaruhusiwa kuingia, wanakumbatiana. Juu ya bega la dada yake mvulana anafungua macho, na yale macho si ya mtoto aliyeokoka. Picha inagandia hapo.

Wapo wanaoona ni umalizio bora kuliko yote katika sinema za aina hii. Kama tukio la dakika moja, nakubaliana nao. Mtoto ambaye amelazimika kuwa Jason ili kumshinda Jason hawezi kutoka humo akiwa yuleyule. Lakini ukiuangalia kama uamuzi wa mtu anayefunga mfululizo, macho yale ni hundi iliyosainiwa bila kuandikwa kiasi. Mtu mwingine ndiye atakayeulizwa fedha.

Matokeo

Filamu iligharimu chini ya dola milioni 3. Wikiendi ya kwanza iliingiza zaidi ya milioni 11, ikashika nafasi ya kwanza Marekani, na hadi mwisho ikafika karibu milioni 33. Wahakiki waliichana. Haikujalisha.

Mara kumi na zaidi ya gharama. Mezani pa studio tarakimu hiyo ilikuwa na maana moja tu.

Sehemu ya tano ilitoka tarehe 22 Machi 1985. Waigizaji waliokwenda kufanyiwa usaili waliambiwa ni filamu iitwayo Repetition, yaani “Marudio”, na sijui kama aliyechagua jina hilo la kufichia alikuwa anajicheka. Humo Tommy ni kijana mkubwa anayeishi kwenye kituo cha vijana wenye matatizo ya akili. Mauaji yanaanza, kinyago kimeonekana. Mwishoni tunaambiwa muuaji si Jason: ni mhudumu wa gari la wagonjwa aliyevaa kinyago kulipiza kisasi cha mwanawe. Filamu iliingiza karibu milioni 22 na kuchukiwa.

Sehemu ya sita, Agosti 1986, ikamfufua Jason mwenyewe kwa radi. Iliingiza milioni 19.4. Ya saba (1988) milioni 19, ya nane (1989) milioni 14.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Nimeshaonyesha jinsi kifo kilivyojengwa. Naongeza neno moja. Kifo kile kiliaminika kwa sababu silaha ilikuwa panga, silaha ya mfululizo wenyewe, na udhaifu ulikuwa wa Jason mwenyewe: utoto wake. Hakukuletwa kifaa kipya wala ramani ya siri; mgeni alikuwa Tommy peke yake. Kila alichokitumia kilikuwemo ndani ya hadithi tangu filamu ya kwanza. Ukitaka kufunga mfululizo wako, pekua kwanza stoo yako kabla ya kwenda dukani.

Kilichofanya kazi pia, kibiashara, ni jina. Sehemu ya nne iliingiza karibu sawa na ya tatu, tena bila ile miwani, katika soko lililokuwa limechoka.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Watu husema tamaa ndiyo iliyoharibu. Ni kweli, lakini ni jibu la uvivu. Tamaa ilikuwepo tangu 1980 na haikuwa siri. Cha kuuliza ni namna tamaa ilivyopata mlango.

Mlango wa kwanza ni macho ya Tommy. Waliotengeneza sehemu ya tano walijikuta na ahadi mbili zinazogombana. Moja ilisema Jason amekufa. Nyingine ilisema mtoto huyu ana jambo. Walijaribu kuheshimu zote mbili: Jason wakamwacha amekufa, tena meya wa mji anatamka wazi kuwa mwili wake ulichomwa na yeye ni majivu tu, na Tommy wakamzungushia shaka. Kisha hawakuthubutu kumfanya Tommy kuwa muuaji, wakampa kazi hiyo mhudumu ambaye mtazamaji hakuwa amemtia maanani. Baada ya hapo wakamalizia kwa Tommy amevaa kinyago, kisu mkononi, yaani hundi ileile kwa mara ya pili.

Kwa nadharia hii ndiyo sehemu iliyokuwa mwaminifu kuliko zote. Ndiyo pekee iliyoheshimu neno “mwisho”. Na ndiyo iliyowaudhi watu zaidi. Mtazamaji alilipa kumwona Jason, akauziwa mtu aliyevaa nguo za Jason. Angeweza kusamehe kudanganywa kuhusu mazishi. Kuuziwa jina tupu hakusamehe.

Sehemu ya sita ilielewa hilo. Haikuomba radhi, haikueleza majivu yamegeukaje kuwa mwili ndani ya jeneza. Iliwasha radi, ikamwamsha, ikatia na mzaha juu yake. Mashabiki wengi leo huiweka miongoni mwa bora. Mapato yake yalikuwa madogo kuliko ya tano, na hapo wengine hukata hukumu kwamba watu walikataa ufufuo. Mimi naisoma kinyume. Mapato ya mwendelezo kwa kiasi kikubwa ni hukumu juu ya filamu iliyotangulia. Milioni 22 za sehemu ya tano zililipwa kwa imani iliyojengwa na ya nne. Pengo la ya sita ni deni la ya tano. Na tukumbuke kwamba kuanzia Novemba 1984 alikuwepo mshindani mpya, muuaji wa ndotoni mwenye kucha za chuma, anayeongea na kutania.

Hasara halisi ya ufufuo haikuonekana mwaka ule. Ilikuwa hii: Jason alipoamka kwa radi aliacha kuwa binadamu. Tangu siku ile hakuna panga wala moto ungemwondoa kwa namna ya kuaminika, kwa kuwa mtazamaji alijua mvua ikinyesha atarudi. Walipata muuaji asiyekufa, na hapohapo wakapoteza uwezo wa kukiuza kifo chake. Ushahidi uko mwaka 1993. Haki zilikuwa zimehamia kwa kampuni ya New Line, na ikatolewa filamu nyingine yenye ahadi ya Ijumaa ya mwisho katika jina lake. Ahadi ileile, mhusika yuleyule: chini ya milioni 16, katika wakati ambapo bei ya tiketi ilikuwa imepanda. Hata wao hawakujiamini, maana sekunde za mwisho za filamu hiyo zinaonyesha mkono wenye kucha za chuma ukichomoka ardhini kukivuta kinyago, kutangaza pambano lililokuja kutokea mwaka 2003.

Mlango wa pili ni umiliki, na huu ndio mzito zaidi. Mtayarishaji alitaka kufunga, lakini hakuwa peke yake mwenye ufunguo. Wenye fedha wa Boston walikuwa na sehemu yao, studio ilikuwa na yake. Katika karatasi zote zilizosainiwa hakukuwa na kipengele kilichosema hatutatengeneza nyingine. Mwisho uliandikwa ndani ya hadithi tu, na kilichoandikwa ndani ya hadithi hufutwa kwa hadithi.

Tazama mfululizo jirani, ule wa muuaji wa usiku wa Halloween. Mwaka 1998 walitengeneza filamu iliyokusudiwa na nyota wake kuwa ya kufunga, na dada wa muuaji akamkata kichwa kwa shoka. Kichwa kimetoka; utasema hapo hakuna mjadala. Kumbe mwenye haki alikuwa ameshaweka sharti kwamba muuaji hawezi kufa, na hila ikapangwa mapema: filamu ya 2002 ikaeleza kuwa aliyekatwa ni mhudumu wa gari la wagonjwa aliyevalishwa kinyago na kupondwa koo asiweze kusema. Mwigizaji alicheza tukio la mwisho kama mwisho, huku karatasi ikisema vingine. Miaka 20 baadaye, mwaka 2022, walipofunga tena, waliupeleka mwili kwa msafara mbele ya mji mzima na kuutumbukiza kwenye mashine ya kusaga vyuma. Mwaka uliofuata haki za televisheni za mfululizo huo zikapata mnunuzi.

Baada ya kisa

Jason alirudi tena Februari 2009, katika filamu iliyoanza upya, ikaingiza milioni 65 Marekani. Halafu kimya. Kwa zaidi ya miaka 10 hakuna filamu mpya iliyoingia kumbini, na sababu moja kubwa ilikuwa ya mahakamani. Mwandishi wa mswada wa filamu ya kwanza alidai haki zake zimrudie chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani. Upande wa pili ulisema alikuwa mwajiriwa tu. Mahakama ilimpa ushindi mwaka 2018, na ile ya rufaa ikauthibitisha 2021. Alikuwa na mswada wa kwanza, wenzake wakabaki na mengine yaliyokuja baadaye, akiwemo Jason mtu mzima na kinyago chake; hakuna aliyeweza kusogea bila mwenzake.

Jambo la mwisho ni la huku kwetu, na linanisumbua kila ninapofundisha kisa hiki. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza hatukuziona filamu hizi kwa mpangilio. Mwenye banda aliweka kanda aliyonayo. Mimi niliiona ya sita kabla ya ya nne: nikamwona Tommy mkubwa akienda makaburini usiku na rafiki yake, kwa nia ya kuuchoma mwili ili awe na hakika kwamba umekwisha. Anafungua jeneza, hasira zinampanda, anang'oa chuma cha uzio na kumchoma nacho maiti mara kadhaa. Anakiacha kimesimama kifuani. Radi inakipata.

Wiki kadhaa baadaye ikaja kanda ya nne. Mvulana amekata nywele, panga limeshuka, kichwa kimeteleza, ukumbi mzima umesimama juu ya mabenchi. Nyuma kabisa akasema mmoja, “Huyo bado, atafukuliwa na huyohuyo mtoto.” Wakamzomea anyamaze.